Somo: RAP kutoka kwenye mrija mkavu hadi kwenye seli

Mrija wa RAP (receptor-associated protein, protini inayoambatana na vipokezi) ukikufikia mara ya kwanza utadhani umeuziwa hewa. Unauinua kwenye taa, unaugeuza, huoni kitu. Mikrogramu 50 za protini iliyokaushwa ni utando mwembamba tu, mara umeng'ang'ania kitako, mara umejificha kwenye kifuniko. Tulia, ipo.

Kabla ya kugusa pipeti, ijue kwanza kazi yake. RAP ni protini ya binadamu yenye uzito wa kilodaltoni 39 hivi, na jeni yake, LRPAP1, iko kwenye kromosomu ya 4. Tunayotumia maabara ni rikombinanti: jeni ya mtu imepandikizwa kwenye bakteria, kwa kawaida E. coli, nao ndio wanaoitengeneza. Ndani ya seli RAP ni mlezi wa vipokezi vya ukoo wa LDL (ukoo wa kipokezi kinachobeba lehemu ya damu), kama LRP1 na megalini. Vipokezi hivi vina pupa. Vinanata na vitu vingi, vingine vikiwa vimetengenezwa na seli hiyohiyo, kama apoE, protini inayobeba mafuta. Vikiachwa peke yake vitavishika humohumo ndani na kukwama kabla ya kufika kwenye utando wa nje. RAP huvikalia tangu vinapokunjwa, huvisindikiza hadi Golgi (kituo cha seli cha kupanga na kusafirisha protini), na huko asidi ikiongezeka kidogo huviachia na kurudishwa ilikotoka. Panya walioondolewa jeni hii walionekana kuwa na LRP1 pungufu kwenye ini na ubongo.

Sisi tunaigeuza kazi hiyo. Tukiimwaga nje ya seli, RAP inakalia vipokezi vilivyoko juu na kuzifungia mlango ligandi, yaani vitu vingine vinavyonata na vipokezi hivyo. Shika mambo mawili: inashika palipo na kalsiamu na pH ya kama 7.4, na inaachia kwenye asidi. Karibu kila jaribio la RAP nililoona likifeli lilifelishwa na bafa (kimiminika kinachotunza pH), wala si protini.

Hatua ya 1. Zungusha mrija kwenye sentrifuji kwa sekunde 30 kabla ya kuufungua. Unga ulioko kwenye kifuniko ni hela yako.

Hatua ya 2. Yeyusha. Fuata karatasi iliyokuja na mrija. Ikipingana na mimi, ifuate karatasi. Kwa mikrogramu 50, mikrolita 100 za kimiminika zinakupa miligramu 0.5 kwa mililita, yaani kama mikromola 12.8. Kitiririshe ukutani mwa mrija, weka kwenye barafu dakika 15, kisha uugeuzegeuze polepole. Usitikise. Ukiona povu ujue kuna protini inayoharibika humo.

Hatua ya 3. Gawa papo hapo. Mimi hugawa mirija 6 ya mikrolita 16. Kila mmoja unatosha visima 2 vya mikrolita 500 kwa nanomola 200, maana kisima kimoja kinakula mikrolita 7.8. Kinachobaki kipime kwenye jeli: unatafuta mstari mmoja karibu na kilodaltoni 39. Mirija iende nyuzi 80 chini ya sifuri. Ukishayeyusha mmoja, usiurudishe kwenye friza hata kama roho inakuuma.

Hatua ya 4. Bafa, na hapa twende taratibu. Niliwahi kupoteza wiki mbili nikiamini nimepewa protini mbovu. RAP haikuzuia chochote; kisima chenye RAP na kisicho nayo vilifanana kama mapacha. Siku moja nikawa nasafisha meza, nikaisoma chupa ya bafa niliyokuwa nikioshea seli: EDTA milimola 2, kwa mwandiko wangu mwenyewe. EDTA hunyakua kalsiamu. Bila kalsiamu vipokezi vya ukoo huu hupoteza umbo lake pale vinaposhikia, kwa hiyo hata ligandi yangu ilikuwa haishiki vizuri. Nilikuwa nalinganisha sifuri na sifuri.

Basi tumia bafa ya Tris au HEPES yenye chumvi, pH 7.4, na kloridi ya kalsiamu milimola 1 hadi 2. Bafa ya fosfeti ukiijaza kalsiamu itakuletea ukungu mweupe, iepuke. Kama ulizibandua seli kwa tripsini yenye EDTA, zioshe na uzipe usiku mzima zijitengenezee vipokezi vipya.

Hatua ya 5. Weka RAP kwanza, dakika 20 hadi 30, ndipo uongeze ligandi huku RAP ikiwa bado imo. Ukiosha RAP katikati umefungua mlango tena.

Hatua ya 6. Visima vya kulinganishia: kimoja bila RAP, kimoja chenye bafa ya RAP peke yake, kimoja chenye albumini ya kiwango kilekile. Hicho cha albumini watu hukiruka, kisha mkaguzi anawauliza.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ligandi yangu ni alfa-2-makroglobulini. Haiingii kwenye seli hata bila RAP. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Je, uliiamsha? Ikiwa katika hali yake ya kawaida LRP1 haiitambui. Ni mpaka ikutane na protiasi (kimeng'enya kinachokata protini) au uitibu kwa methilamini, ndipo inabadilika umbo na kufunua sehemu ya kushikwa. Anzia hapo, RAP iache kando kwanza.

Swali: RAP ikizuia, naweza kuandika kwamba ligandi yangu inapita LRP1?

Jibu: Hapana ndugu yangu. RAP inakalia karibu ukoo mzima: LRP1, megalini, kipokezi cha VLDL, hata sortilini ambayo si ya ukoo huo. Kipokezi cha LDL chenyewe inakishika kwa ulegevu zaidi. Andika "kipokezi kinachozuiwa na RAP", halafu ondoa LRP1 kwenye seli uone kama matokeo ni yaleyale.

Swali: Mimi nafanya kazi na makrofaji, seli za kinga. Nikiweka RAP zinachachamaa, zinatoa sitokini (protini za kuamsha kinga). Ni kazi ya RAP hiyo?

Jibu: Kwanza shuku endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria; kumbuka RAP yako ilitoka kwa bakteria. Chemsha sehemu kidogo ya RAP yako kisha uijaribu. RAP itaharibika, endotoksini haitajali moto huo. Seli zikiendelea kuchachamaa, umempata mhalifu; tafuta iliyosafishwa endotoksini.

Swali: Jaribio langu ni la saa 24. RAP inadumu?

Jibu: Haidumu. Seli huimeza pamoja na kipokezi na kuisaga kwenye lisosomu (kijifuko cha kusagia cha seli), kipokezi kikirudi juu kikiwa kitupu. Fupisha jaribio liwe saa 1 au 2, au ongeza RAP mpya njiani na uweke hilo kwenye maelezo ya mbinu.

Swali: Kuna watu wasio na RAP kabisa?

Jibu: Wapo wenye nakala zote mbili za LRPAP1 zilizoharibika. Kilichoripotiwa kwao mwaka 2013 ni kutoona mbali kwa kiwango kikali sana.