Unamuuguza ndugu nyumbani? Namna ya kuomba tathmini yako wewe, si ya mgonjwa tu

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika kata moja ya Dodoma mjini. Anayeuguza mtu nyumbani akiingia ofisini kwangu, nikimuuliza hali, hujibu: "Mgonjwa anaendelea hivyohivyo." Basi ukurasa unajaa mgonjwa: presha yake, kidonda chake, dawa zake. Yeye aliyekuja kwa miguu, hajalala tangu juzi, hayumo hata mstari mmoja.

Uingereza ipo sheria ya mwaka 2014 ambayo, kwa upande wa England, inampa anayemhudumia ndugu yake haki ya kutathminiwa yeye mwenyewe, yaani mahitaji yake naye yaangaliwe. Huku kwetu faili linafunguliwa kwa jina la mgonjwa, na wewe utaingia humo ukijisemea.

Hatua ya 1: Andika usiku wako

Hapa ndipo penye kazi. Zilizobaki ni kutembea tu. Tafuta daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa, andika siku saba mfululizo. Usiandike "namhudumia", hiyo hainiambii kitu. Andika saa na ulichofanya. Saa nane usiku nimemgeuza. Saa tisa na nusu amejikojolea, nimebadili shuka. Saa kumi na moja nimechemsha maji, nimemwosha.

Andika pia ulichokiacha: biashara ya maandazi iliyokufa, kliniki yako ya presha uliyoikosa, mtoto anayebaki nyumbani badala ya kwenda shule ili amwangalie bibi. Hilo la mtoto watu hulificha wakidhani nitawashitaki. Usilifiche, maana ndilo linaloniharakisha kuliko mengine yote. Halafu hela: pampasi, bajaji ya kwenda hospitali, na maji. Mtaa wenye mgao, shuka tatu kwa siku ni madumu ya kununua.

Mama mmoja alikuwa akimuuguza mumewe aliyepooza upande. Nikamuuliza, "Mama, wewe unalala saa ngapi?" Akacheka. "Aa, mwanangu, mimi nalala tu." Alipoinua mkono kurekebisha kanga nikaona mchubuko umezunguka kifundo. Kumbe kila usiku alikuwa akijifunga kamba ya katani, ncha ya pili kwenye mkono wa mzee, ili mzee akijitikisa naye azinduke. Nikampa daftari. Aliporudi wiki iliyofuata tukahesabu: kuna usiku alioamka mara 6. Ule ukurasa mmoja ulifanya kazi ambayo maelezo ya nusu saa hayakuifanya.

Hatua ya 2: Karatasi

Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), yako na ya mgonjwa. Kadi ya kliniki au barua ya daktari. Kadi ya bima kama ipo. Na barua ya utambulisho: mjini unaandikiwa na mtendaji wa mtaa, ukiwa Bahi au Chamwino vijijini ni mtendaji wa kijiji. Anza na mwenyekiti, yeye ndiye anayejua kwako ni mlango upi.

Kabla barua haijagongwa muhuri, omba iongezwe sentensi hii: "Anayemhudumia kila siku ni (jina lako), ambaye hana msaidizi." Wengi huondoka na barua inayomtaja mgonjwa peke yake, wanakuja kuandikiwa nyingine.

Kama mgonjwa bado amelazwa, usisubiri mambo ya mtaa. Hospitali kubwa kama ile ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa na Mirembe zina maafisa ustawi humohumo ndani. Mwombe muuguzi wa wodi akukutanishe na mmoja wao kabla ya siku ya kuruhusiwa. Mkishafika nyumbani, kumrudisha mtu asiyeweza kukaa kwenye bajaji ni shughuli nyingine.

Hatua ya 3: Peleka ombi

Nenda ofisi ya kata. Kata isiyo na afisa ustawi, mtendaji wa kata atakuelekeza halmashauri. Sema hivi, na uiandike hivyohivyo: "Naomba utembelee nyumbani, utathmini mahitaji ya mgonjwa na yangu mimi ninayemhudumia." Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua ya shangazi yangu mwenyewe iliwahi kupotea kwenye ofisi moja. Bila nakala tulianza upya kama watu wasiojulikana.

Hatua ya 4: Siku ya ziara

Najua desturi zetu. Mgeni anakuja, uwanja unafagiliwa, mgonjwa anavishwa shati la sikukuu, uji unapikwa. Uji nitakunywa. Ila shati liache, na lile godoro lililolowa usilifiche nyuma ya nyumba. Nataka kuona umbali wa kitanda na choo, upana wa mlango, na jinsi unavyomwinua. Mwinue mbele yangu, kama unavyofanya siku zote.

Halafu omba tuzungumze pembeni. Hakuna mke atakayesema "nimechoka" mumewe akiwa anasikia. Sema "afisa, njoo nikuonyeshe choo", nitaelewa.

Hatua ya 5: Kinachoweza kutoka

Mshahara wa kuuguza sina wa kukupa, nisikudanganye. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo, hilo limo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, nami nakusaidia kufuatilia utambuzi wake. Nakuandikia rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe kumgeuza bila kuua mgongo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupita kumwona. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, siwezi kukuingiza, kaya hupendekezwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, nenda ukahudhurie. Kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hiyo ni mikopo, inarudishwa, na mtu asiyelala usiku afikirie mara mbili kabla ya kuichukua.

Kwa uzoefu wangu, kinachozaa haraka ni kikao cha ndugu. Ukiwaita wewe, wanaona unalalamika. Nikiwaita mimi kwa barua yenye muhuri, hata wa Kongwa wanapanda basi. Daftari linasomwa kwa sauti, saa kwa saa, na hapo kila mmoja anatazama miguu yake. Kisha tunagawana zamu kwa majina na siku, wanasaini, na tunapanga tarehe ya mimi kurudi.

Kwa yule mama, wanawe wawili walichukua usiku wa Ijumaa na wa Jumapili, na kitanda kikainuliwa kwa matofali ili asiiname. Niliporudi, mzee alikuwa kivulini baada ya kuota jua la asubuhi likamtosha, mama yuko ndani amelala, na ni saa nne asubuhi. Kamba ya katani niliikuta uani, imefungia mbuzi.