Zuia Tairi la Gari la Kulala Lisipasuke Barabarani: Hatua kwa Hatua

Pikapu hubeba mzigo leo, kesho ikatembea tupu. Gari la kulala halipati siku hiyo ya kupumzika. Kitanda, friji, tangi la maji, betri, jiko na mtungi wa gesi vimo ndani saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa uani miezi mitatu. Matairi yake hubeba karibu na kikomo chao kila siku ya maisha yao, na ndiyo maana yanapasuka wakati yale ya gari dogo la jirani, yenye umri uleule, bado yanaenda.

Mimi huandaa magari haya hapa Arusha: Land Cruiser zilizofungwa vitanda, Coaster zilizogeuzwa nyumba, na mara mojamoja Sprinter za wageni waliokuja nazo kutoka Ulaya. Tairi linaloachia kwenye lami saa nane mchana kwa kawaida lilianza kufa siku nyingi nyuma. Upepo ulikuwa pungufu, ubavu ukawa unajikunja kila mzunguko, mpira ukashika joto, na nyuzi za ndani zikaanza kuachana na mpira. Hatua hizi zinalenga kipindi hicho cha nyuma, kabla hujasikia mlio.

Hatua ya 1: Lipeleke gari mizani

Wengi huanzia dukani, wakanunua tairi la bei kubwa na kudhani wamemaliza. Wewe anza na mizani. Jaza gari kama unavyosafiri: maji, mafuta, chakula, watu wote ndani. Tafuta mizani ya malori kwenye ghala la mazao au kiwandani, omba upimiwe. Pima ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, halafu rudi upime kila upande wa kila ekseli peke yake, magurudumu ya upande mmoja yakiwa juu ya mizani na ya upande wa pili nje. Kipimo hiki cha mwisho watu hukiruka, na ndicho cha maana kuliko vyote.

Chukua ekseli ya nyuma yenye kilo 2,400. Ukigawa kwa mbili unapata kilo 1,200 kwa kila tairi, unaridhika, unaondoka. Ukipima kila upande unaweza kukuta kushoto kilo 1,340 na kulia kilo 1,060, kwa sababu tangi, friji na betri vyote vimefungwa kushoto. Tairi la kushoto linaumia kila kilomita na hesabu yako haikuonyesha.

Dawa yake ni kuhamisha mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 120 ni kama kubeba watu wawili wasioshuka. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 (Ah 100) hukaribia kilo 30. Mimi huhamisha betri kwanza, maana ni nzito na inahitaji nafasi ndogo. Mwisho, linganisha uzito wote na ule ulioandikwa kwenye bamba la kiwandani mlangoni. Ukiwa umezidi, hakuna tairi litakalokuokoa, punguza vitu.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Mfano ni 225/75R16C 121/120R. Namba 121 ni daraja la mzigo tairi likiwa moja upande mmoja wa ekseli: kilo 1,450. Namba 120 ni yakiwa mawili mawili: kilo 1,400 kila moja. Herufi R ni mwendo wa juu, kilomita 170 kwa saa. Linganisha daraja hilo na upande mzito uliopima. Mimi sifungi tairi lisilobakiwa na nafasi ya angalau asilimia 10 hadi 15 juu ya uzito halisi, kwa sababu matuta na mashimo huongeza mzigo kwa sekunde ile ya kugonga.

Kisha tafuta maandishi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akikuambia tairi ni jipya, zisome mwenyewe, kwa kuwa tairi linaweza kukaa ghalani miaka mingi na bado likawa na vinyweleo vya mpira. Watengenezaji kadhaa wakubwa huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, na kuanzia mwaka wa 5 hutaka tairi likaguliwe na fundi kila mwaka. Kwa jua letu na mzigo huu mimi hushauri ubadilishe likifika miaka 6 au 7, hata kama meno bado yamesimama. Gari la kulala huzeesha tairi kabla ya kulifanya kipara. Tairi la mtumba kwenye gari hili nalikataa kabisa: hujui lilitembezwa na upepo kiasi gani.

Pitisha kiganja ubavuni, nje na ndani. Upande wa ndani unahitaji ulale chini ya gari na tochi. Unatafuta uvimbe, mkato, au nyufa ndogondogo karibu na rimu. Uvimbe maana yake nyuzi zimekatika; hilo tairi halitoki hapo.

Hatua ya 3: Valvu

Valvu ya kawaida ya mpira imetengenezwa kwa upepo usiozidi psi 65. Magari mengi ya kulala yanahitaji zaidi ya hapo nyuma. Funga valvu za chuma. Ni kazi ya dakika chache tairi likiwa limeshavuliwa, na gharama yake ni ndogo sana.

Hatua ya 4: Jaza upepo kwa uzito uliopima

Mtengenezaji wa tairi huwa na jedwali linalosema tairi la saizi fulani linahitaji upepo kiasi gani kwa kilo ngapi. Tumia uzito wa upande mzito, halafu weka upepo uleule pande zote mbili za ekseli hiyo. Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limesimama angalau saa tatu. Nunua geji yako mwenyewe. Ya kituo cha mafuta imeanguka sakafuni mara nyingi.

Ukitoka Arusha alfajiri na psi 65, ukifika Same mchana unaweza kukuta 73 au 75. Usitoe. Ongezeko hilo ni la kawaida, na ukilitoa jioni utabaki na tairi pungufu, ambalo kesho litapata joto zaidi.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo yanayotikisa gari, kama ile ya kutoka Ngorongoro kushuka Naabi kuelekea Serengeti, watu hupunguza upepo ili mawe yasichome. Inafaa, mradi upunguze na mwendo, ukae chini ya kilomita 50 kwa saa, na uwe na kompresa yako. Ukirudi hadi Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, lami inapoanza, jaza tena kabla hujakanyaga mafuta.

Na hili nalisema kwa uzito wote: tairi lililotembea na upepo chini ya asilimia 80 ya unaotakiwa lisijazwe tu na kuendelea. Livuliwe, likaguliwe ndani. Nyuzi za ubavu zikiwa zimechoka, linaweza kupasuka wakati wa kujazwa na kumuua fundi. Rimu za vipande za Land Cruiser za zamani ni hatari zaidi. Mpira wa kujazia upepo uwe mrefu, na kila mtu asimame mbali na ubavu.

Hatua ya 5: Coaster na matairi mawili mawili ya nyuma

Lile la ndani halionekani, na likiisha upepo la nje hubeba mzigo wa mawili kimyakimya. Funga kirefusho cha valvu ili ulifikie. Yawe na kimo sawa. Usichanganye jipya na lililolika. Kila ukisimama, chungulia kama kuna jiwe limenasa katikati.

Hatua ya 6: Vihisi na mkono wako

Vihisi vya upepo vya kufunga kwenye valvu hutoa mlio dereva akiwa bado na nafasi ya kusimama salama. Weka onyo upepo ukishuka kwa asilimia 10 hadi 15, na joto likifika nyuzi 70. Pamoja na hivyo, kila kituo sogeza kiganja karibu na kila gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko mengine, angalia upepo, kisha breki inayoshika, kisha beringi.

Hatua ya 7: Mwendo na maegesho

Gari la zaidi ya kilo 3,500 nchini Tanzania mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Bakia hapo. Gari likikaa, funika matairi yasipigwe jua, na usiyapake mafuta ya kung'arisha yenye petroliamu.

Likipasuka hata hivyo

Usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, bakiza mguu kwenye mafuta kidogo hadi gari linyooke, halafu uachie taratibu lipunguze lenyewe. Nje ya barabara, weka pembetatu mbali nyuma yako. Ukiongeza matawi, yaondoe unapoondoka. Ukishabadilisha gurudumu, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ukishasimama, kabla ya kuvua gurudumu, funga mtungi wa gesi. Vipande vya tairi la nyuma hupiga sakafu kwa nguvu na kung'oa nyaya na mabomba. Fuata bomba la gesi lote kwa tochi, lipake maji ya sabuni kwenye maungio, na usiwashe jiko mpaka uone hakuna povu.