Somo: Kupanga na kushea folda za kikundi kwenye Google Drive ili katibu akiondoka nyaraka zibaki

Habari zenu wana vikundi. Somo hili ni la makatibu na wahazina wa VICOBA na vikundi vingine vya kuweka na kukopa, hasa wanaotumia simu. Google Drive (tutaiita Drive) ni hifadhi ya mafaili mtandaoni, inayofunguliwa kwa akaunti ya Gmail.

Nalileta kwa sababu ya siku moja ya mgao wa fedha za kikundi. Tulikuwa tumekaa tangu saa tatu asubuhi tukisubiri orodha ya mikopo ifunguke. Ilikuwa kwenye Drive ya katibu aliyeacha nafasi miezi mitano nyuma. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifungulia kila kitu kwenye akaunti yake binafsi, simu ikapotea, nenosiri hakumbuki. Mama mmoja mwenye hisa nyingi kuliko sisi sote alikuwa amefunga kitabu chake kwenye pindo la kitenge. Alikifungua, akakifunga, akakifungua tena, bila kusema neno. Ilibidi tupige hesabu upya kutoka vitabu vya wanachama, kimoja kimoja, mpaka magharibi.

Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Nyaraka za fedha hizohizo zilikuwa na mwenye ufunguo mmoja tu. Hapo ndipo tulipokosea, na ndipo tunapoanzia.

Hatua ya 1: Fungua akaunti ya kikundi

Fungua Gmail mpya kwa jina la kikundi. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti isiwe ya katibu, iwe ya mwenyekiti. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia adaiwe uthibitisho wa pili juu ya nenosiri. Google itakupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja una tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi pamoja na nenosiri, tia kwenye bahasha, gundisha, viongozi watatu wasaini juu ya gundi, halafu bahasha iingie sandukuni. Ikifunguliwa, ifunguliwe mbele ya kikao.

Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo hugawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha za Google. Kwa hiyo ukiiweka kwenye simu yako, zima uhifadhi wa picha kwa akaunti hii, la sivyo picha za harusi zitajaza nafasi ya kikundi. Pia iingie mara kwa mara: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili.

Hatua ya 2: Folda mbili za juu, zikae sambamba

Hapa nawaomba msome taratibu. Kwenye Drive ruhusa hushuka kutoka juu kwenda chini. Ukimpa mtu folda, umempa na folda zote zilizo ndani yake na kila faili utakaloongeza kesho. Watu wengi huunda folda moja kubwa yenye jina la kikundi, wanarundika kila kitu humo, wanaishea kwa wote. Baadaye wanaweka nakala za vitambulisho vya NIDA ndani, na tayari watu thelathini wanaziona.

Sisi tunazo mbili, na hakuna folda mama juu yake:

WANACHAMA WOTE: ndani kuna Katiba, Mihtasari ya vikao, Taarifa za fedha za kila mwezi.

VIONGOZI: ndani kuna Fomu za mikopo, Vitambulisho na wadhamini, Benki, Barua.

Namba ya NIDA, picha ya mtu na jina la mdhamini wake ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kikundi kuwa kidogo hakukupi ruhusa ya kuzianika. Mtu alikukabidhi kitambulisho chake kwa ajili ya mkopo tu.

Hatua ya 3: Majina ya mafaili

Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha jambo lenyewe: 2025-03-08 Muhtasari kikao cha kawaida. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Ukiandika 8 Machi, yatajipanga kwa namba ya siku na Machi itachanganyika na Novemba. Usiandike "mpya" wala "ya mwisho". Nimewahi kukuta "katiba mpya", "katiba mpya 2" na "katiba ya mwisho kabisa" kwenye folda moja, na iliyopitishwa na mkutano ilikuwa ile ya katikati.

Karatasi zilizosainiwa usizipige picha ya kawaida. Kwenye programu ya Drive gusa alama ya kujumlisha, chagua kuskani, na kurasa zote zitatoka kama PDF moja.

Hatua ya 4: Kushea

Gusa vitone vitatu pembeni ya folda, chagua Shiriki, andika barua pepe ya mtu, kisha chagua ngazi. Ziko tatu: anayesoma tu, anayesoma na kutoa maoni, na anayehariri. Wanachama wote wanasoma tu. Mhazina na katibu wanahariri. Mwenyekiti wetu tulimpa ya kutoa maoni, naye aliridhia, maana kazi yake ni kukagua.

Chini yake kuna sehemu ya ruhusa kwa jumla. Iache kwenye "waliopewa tu". Ukibadili ikawa "yeyote mwenye linki", ujue linki ikishafika WhatsApp haina mipaka tena.

Ukipata kompyuta, fungua alama ya gia kwenye dirisha la kushea, uondoe tiki inayowaruhusu wahariri kubadili ruhusa na kuwashea wengine. Ni kazi ya nusu dakika.

Hatua ya 5: Nani anapakia

Kwenye Drive za kawaida, faili ni mali ya aliyelipakia, hata kama limo ndani ya folda ya kikundi. Mhazina akipakia taarifa kwa akaunti yake, siku akiifuta taarifa hiyo inatoweka kwenu nyote. Kwa hiyo nyaraka za kudumu zipakiwe mkiwa ndani ya akaunti ya kikundi. Wengine wahariri yaliyokwishapakiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Morogoro): Mkuu, asante kwa somo. Akina mama wengi kwetu wanasema hawana barua pepe. Nifanyeje?

Jibu: Dada, wengi wanayo ila hawaijui. Kama simu ni ya Android na inapakua programu Play Store, ina akaunti ya Google. Mara nyingi ilifunguliwa na kijana wa duka la simu. Fungua Play Store, gusa duara la juu kulia, utaiona barua pepe yake. Hakikisha ni ya mwenyewe, kwa sababu baadhi ya maduka huingiza akaunti moja kwenye simu nyingi. Ukikuta hivyo, mfungulie yake kwanza. Wenye simu za vitochi tunawachapia taarifa ya mwezi na kuisoma kwa sauti kikaoni.

Swali (Tanga): Katibu wetu wa zamani yupo na ana ushirikiano mzuri. Folda zote ni zake. Akituhamishia umiliki wa folda inatosha?

Jibu: Haitoshi, kaka. Folda itahama, mafaili ya ndani yatabaki yake. Itabidi ahamishe na mafaili, na akaunti ya kikundi ikubali ombi la kila moja kwenye barua pepe. Kama ni mengi, njia nyepesi ni kuipakua folda nzima kwenye kompyuta na kuipakia upya kwa akaunti ya kikundi. Fanyeni hivyo mkiwa mmekaa naye, na msimwondoe mpaka mmehesabu mafaili yametimia.

Swali (Mombasa): Chama chetu, mtu alifuta ledger, lile faili la hesabu, kimakosa. Yarudi?

Jibu: Aingie mwenye faili, aangalie kwenye tupio. Hukaa siku 30, kisha hufutika moja kwa moja. Usisubiri kikao kijacho, mpigie simu leo.

Swali (Morogoro tena): Nimefuata hatua zote, sasa nimepata barua pepe, mtu nisiyemjua anaomba ruhusa ya folda ya VIONGOZI. Nimkubalie?

Jibu: Usimkubalie bado. Maana yake kuna aliyetuma linki mahali, lakini kwa kuwa uliiacha kwenye "waliopewa tu", hajaona kitu. Uliza kwenye grupu la viongozi hiyo barua pepe ni ya nani. Kwetu iliwahi kuwa ya mhazina mwenyewe, alikuwa ameshika simu ya mwanawe.