Königsberg Ipi? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Historia ya Meli

Kabla hujafungua faili la kwanza, kubali kwamba jina la meli ni kama jina la ukoo: hurithiwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha Julai 1915 mabaharia wake wakailipua wenyewe katika delta ya Rufiji. Desemba mwaka huohuo Königsberg nyingine ikashushwa majini huko Ujerumani. Hiyo ya pili ilichukuliwa na Ufaransa baada ya vita, ikaitwa Metz. Ya tatu ikazamishwa Bergen, Norway, Aprili 1940. Pegasus nayo si moja: mwaka 1934 Waingereza waliipa jina hilo Ark Royal yao ya zamani, ili jina la Ark Royal liende kwa meli mpya ya kubeba ndege. Sasa mtu akiokota picha iliyoandikwa "Königsberg" tu, ni rahisi mno kuipachika kwenye habari za Rufiji wakati meli iliyopigwa picha haijawahi kuuona mto huo.

Kwa hiyo tayarisha ukurasa mmoja kwa kila bodi la meli, si kwa kila jina. Juu ya ukurasa andika yale yasiyohama: kiwanda kilichoiunda, mwaka iliposhushwa majini, urefu na upana wake. Majina yote iliyowahi kuitwa yafuate chini, kila moja na miaka yake.

Kama ni meli ya biashara ya Uingereza ya kuanzia 1855, tafuta namba yake rasmi mapema kuliko kitu kingine chochote. Namba hiyo ilichongwa kwenye mhimili mkuu wa meli, na ilibaki ileile hata meli ikiuzwa au kubadilishwa jina, mradi imo katika daftari la Uingereza. Meli mbili za jina moja zingeweza kuwa baharini siku moja, lakini namba zao hazifanani. Kwa meli za siku hizi iko namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini), tarakimu saba, ambayo haibadiliki hata bendera ikibadilika. Manowari za zamani hazikuwa na bahati hiyo, kwa hiyo huko utategemea tarehe, vipimo na jina la nahodha.

Kuhusu tani, usiwe na haraka. Tani ya usajili hupima nafasi, yaani futi za ujazo 100, ilhali tani za manowari kwa kawaida ni uzito wa maji inayoyasukuma. Karatasi mbili zenye tani tofauti zinaweza kuwa za meli ileile.

Jiandae pia kwa neno "matengenezo", maana ndilo limewachanganya hata watu makini. Constellation iliyoko Baltimore, Marekani, kwa miaka mingi iliaminiwa kuwa ndiyo ile ya 1797, hata ikakarabatiwa ifanane nayo. Kumbe ile ya kwanza ilivunjwa Norfolk mwaka 1853, na hii ikaundwa palepale, ikashushwa majini 1854. Kiwanda kimoja, jina moja, na kati yao hakuna pengo la miaka la kukushtua. Ukiona meli imeingia kiwandani ikiwa na urefu huu na kutoka ikiwa na urefu mwingine, simama hapo. Tafuta michoro ya kabla na ya baada ya kazi hiyo kabla hujaandika sentensi hata moja.

Mwisho, tenga bahasha ya karatasi zisizo na mwenyewe. Barua ya baharia isiyo na mwaka, orodha ya waliokufa yenye jina la meli tu: zote ziweke humo, hata kama moyo unakuambia unajua ni za meli gani. Majina yaliyo kwenye orodha hiyo ni ya watu walioacha familia, na familia hizo zina haki ya kuambiwa meli hasa waliyokuwamo watu wao. Kila upatapo tarehe mpya au jina la nahodha, irudie bahasha hiyo upya, karatasi moja baada ya nyingine.