Vioo vya madirisha pwani ya Mtwara na Lindi: anza na chumvi

Kwa nyumba za Shangani, Mikindani au zilizo karibu na ghuba ya Lindi, ule ukungu mweupe unaorudi kwenye kioo siku mbili baada ya kufuta mara nyingi si vumbi. Ni chumvi. Msimu wa kusi upepo unatoka baharini na kubeba vitone vidogo vya maji. Maji hukauka, chumvi hubaki. Chumvi nayo hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana asubuhi kioo kinanata na mchana kina mabaka. Ukiipitishia kitambaa cha sabuni moja kwa moja unaisambaza tu. Ikiwa imechanganyika na mchanga, unakwaruza kioo, na mikwaruzo haitoki kwa dawa yoyote ya dukani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni maji matupu. Toboa matundu kwenye kizibo cha chupa ya lita moja na nusu, ijaze, mwagia kioo kuanzia juu, acha yachuruzike. Usifute. Rudia mara ya pili.

Maji yenyewe yaangalie. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha vidoa vyeupe. Yatumie kuoshea, lakini ya kusuuzia mwisho yawe ya mvua kama umeyakinga. Maji ya mwanzo wa mvua usiyakinge, maana ndiyo yanayoosha chumvi na vumbi la bati.

Baada ya hapo, sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita tano kinatosha. Watu wengi humimina hadi povu lijae ndoo, kisha wanalalamika kioo kina michirizi: michirizi hiyo ni sabuni iliyobaki. Sabuni ya unga iache kwa nguo, ni ngumu kuisuuza.

Fuata mpangilio huu: wavu wa mbu, nondo, fremu, kioo mwisho. Ukianza na kioo, uchafu wa wavu utakudondokea juu ya kazi iliyokwisha.

Kukausha ndiko kunakotenganisha kioo safi na kioo kilichofutwa tu. Waipa kuukuu ya gari inafanya kazi vizuri kuliko kitambaa, mradi ukingo wa mpira haujapasuka. Mafundi gereji huzitupa. Ioshe kwa sabuni, ivute kutoka juu hadi chini, na ufute ukingo kila baada ya mvuto mmoja. Pembeni malizia na fulana kuukuu ya pamba au kanga iliyofuliwa miaka. Kanga mpya ina wanga, hainyonyi maji. Gazeti linang'arisha, ila wino wake huchafua fremu nyeupe.

Ujanja mdogo: ndani futa kwa mlalo, kutoka upande hadi upande, nje kwa wima, kutoka juu hadi chini. Mchirizi ukionekana, utajua uko upande gani bila kuzunguka nyumba mara tatu. Na fanya kazi hii kioo kikiwa kivulini. Juani maji hukauka kabla hujayavuta.

Vidoa vya chokaa visivyotoka kwa sabuni vinataka asidi. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa dakika kumi, sugua, suuza. Ndimu pia inafaa, lakini chuja nyama zake na suuza vizuri, la sivyo kioo kitanata. Siki isidondoke kwenye ukuta uliopakwa chokaa wala sakafu ya terazo, inavila. Na kamwe usiichanganye na Jik, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Matone ya rangi au saruji yakwangue kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, wembe ukiwa umelazwa. Saruji iliyokaa miaka huenda imeshakula kioo. Hapo hakuna cha kusafisha.

Fremu za aluminiamu zisisuguliwe kwa majivu wala waya wa sufuria. Majivu na maji yake huitia weusi, waya huikwaruza, na chumvi hujificha humo humo. Kwenye madirisha ya kusukuma, zoa mchanga wa kwenye reli kwa mswaki wa zamani, kisha zibua kwa njiti vile vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, mvua ya masika inaingia sebuleni na fundi analaumiwa bure.

Luva, yale madirisha ya vipande vya kioo vinavyofunguka kwa kulala, zina shida yake. Vishikio vyake hushika kutu, na ukivilazimisha kufunguka vinakatika. Acha vipande mahali pake, vilaze viwe wazi, vaa soksi kuukuu iliyoloweshwa mkononi, shika kila kipande juu na chini kwa pamoja, vuta taratibu. Kingo zake hukata, kwa hiyo soksi iwe nzito.

Newala na Tandahimba, mbali na bahari, ambako maji ni ya kuhesabu na adui ni vumbi jekundu, geuza utaratibu: pangusa kwanza kwa brashi laini bila kukandamiza, ndipo upulizie maji kidogo ya sabuni. Nusu lita inatosha dirisha la kawaida.