Mzee mwenye maradhi ya kusahau: kumwogesha, kumlisha na kumtuliza magharibi

Mzee anayepiga ukelele akiiona ndoo hafanyi ukaidi. Mtu ambaye leo hamtambui anamvua nguo na kumwagia maji kichwani, na maradhi yameshamwondolea maneno ya kusema "naogopa". Kazi ya anayemuuguza ni kutafuta kinachomtisha au kinachomuuma, kisha kukiondoa. Akibishwa, huzidi.

Kuoga

Chagua saa anayokuwa ametulia. Kwa wengi ni asubuhi baada ya chai, si baada ya alasiri akishachoka. Kabla hujamwita, weka tayari maji ya vuguvugu, kata, sabuni, vitambaa viwili laini, kanga mbili kavu na nguo zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaliwa. Ukimwacha kwenye kiti ukakimbilia taulo, ndipo anapoanguka.

Kiti nacho hukosewa sana. Kigoda cha chini humlazimu kukunja magoti yanayouma, na akiinuka kichwa kinamzunguka. Tumia kiti cha plastiki chenye mgongo na mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, ili nyayo zikae chini. Kwenye vigae tandika mpira usioteleza chini ya kiti na miguuni.

Usimwulize "utaoga?" maana jibu litakuwa hapana. Mwambie "Bibi, maji yako tayari," umpe mkono, mwende. Yapime maji kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea kushika sufuria za moto hakipimi vizuri. Mvike kanga mabegani, uoshe chini yake. Anza na miguu, panda magoti, mikono, mgongo. Kichwa kiwe mwisho, kwa kitambaa kilicholowa, si kwa kata. Mpe kata nyingine aishike mwenyewe: mikono ikiwa na shughuli haikukamati, na mara nyingi ataanza kujimwagia. Maelekezo yawe moja moja: "Nipe mguu." Ngoja sekunde kumi kabla ya kurudia.

Bibi aogeshwe na binti au mkaza mwana, babu na mtu mume. Stara ni kati ya mambo ya mwisho kumtoka mtu, na ugomvi mwingi wa chooni unaanzia hapo. Mwanamke asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu wa haja kubwa usifike kwenye njia ya mkojo.

Akikataa kabisa, acha, rudi baada ya dakika ishirini. Bado hataki? Siku hiyo mpanguse uso, makwapa na sehemu za siri. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunaitosha ngozi ya mzee, majirani waseme watakavyo.

Unapomkausha, pitia mikunjo na vidole vya miguu, kisha tazama visigino, nyonga na mfupa wa kitako. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vyema, kwa hiyo papasa: pakiwa na joto, pagumu au panauma kuliko pembeni yake, kidonda kinaanza. Mahali hapo pasilaliwe tena, na asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Kula

Wali mweupe kwenye sahani nyeupe huenda asiuone. Tumia sahani ya rangi moja iliyokoza, bila maua, kwani maua atayadonoa. Kula kwa mkono kusikatizwe: mkono hukumbuka tonge muda mrefu baada ya kijiko kuwa kitendawili. Akisita, mtilie tonge mkononi, kisha inua kiwiko chake taratibu.

Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, nawe ukae mbele yake, usisimame juu yake. Ukilisha kwa kijiko kiwe cha chai, nusu tu. Tazama koo linyanyuke na kushuka kabla ya kingine. Mwisho chungulia mashavuni, maana wengi huhifadhi chakula humo. Asilale kwa nusu saa.

Bokoboko, ubwabwa, uji mzito, ndizi mbivu na jodari aliyepondwa vinateremka vizuri. Pweza, korosho, visheti na wali mkavu ni hatari. Boflo lirowe lote kwenye chai, kwani kipande kigumu ndani ya maji mepesi humchanganya koo. Akikohoa kila akinywa, au sauti ikawa kama ina maji, chakula huenda kinaingia njia ya hewa. Daktari amtazame kabla homa ya mapafu haijaanza.

Maji apewe kidogo kidogo mchana kutwa, glasi sita hadi nane, ila kama daktari amempunguzia kwa moyo au figo. Kiu hasemi. Mwezi wa Ramadhani, nyumba nzima ikihamishia chakula usiku, chakula chake kibaki saa zile zile. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari ndiye wa kuangaliwa zaidi: dawa ikiingia bila chakula, sukari huporomoka.

Jua likiinamia

Magharibi ndipo wengi wanapohangaika zaidi. Washa taa kabla giza halijaingia, funga mapazia, na funika kioo kama anamwona mgeni ndani yake. Umeme wa Unguja na Pemba hukatika, kwa hiyo taa ya chaji iwe karibu, mshumaa usiwepo.

Atasema: "Nataka kwenda kwetu." Kumjibu "kwenu ni hapa" ni kuanzisha vita. Mwulize: "Kwetu Makunduchi? Nani yupo huko?" Mwache azungumze, kisha mtilie kazi mikononi. Bibi aliyesuka ukili maisha yake yote anaweza kuusuka hata akisahau majina ya watoto. Kuchambua mchele kwenye ungo kunafaa pia. Karafuu, la, kama ana tabia ya kutia kila kitu mdomoni.

Anayetoka nje ovyo, andika namba ya simu ndani ya kanzu au buibui lake, na mwarifu sheha, mwenye duka na vijana wa maskani. Visima vifunikwe. Komeo iwe juu asipopatazama, lakini asifungiwe peke yake.

Akibadilika ghafla

Maradhi haya huzidi kwa miezi na miaka. Aliyekuwa akitembea Jumatatu na Alhamisi hawezi, au amelala mno, au anaona watu wasiokuwepo, ana ugonjwa mwengine: mkojo mchafu, homa ya mapafu, malaria, kufunga choo, upungufu wa maji, au dawa mpya. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mnazi Mmoja, Chake Chake au Abdulla Mzee ya Mkoani, iliyo karibu.

Dawa za usingizi za dukani ndilo kosa kubwa kuliko yote. Promethazini na klorofeniramini, ambazo watu wanazijua kwa mafua na mwasho, humzidishia kuchanganyikiwa na kumfungia mkojo na choo. Diazepamu humwangusha. Ukienda kwa daktari, tia dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za miti shamba, na uandike lini alipata choo mara ya mwisho, amekunywa kiasi gani, na mabadiliko yalianza siku gani.