Soma nailoni kabla ya namba: kukusanya gemu za katuni zilizofungwa na kupewa gredi

Katika gemu ya zamani ambayo haijafunguliwa, kinachobeba bei ni nailoni. DuckTales ya NES (mashine ya gemu ya Nintendo), iliyotolewa na Capcom mwaka 1989, si kazi kuipata ikiwa katriji peke yake, bila boksi. Ile ambayo bado imo ndani ya nailoni ya kiwandani ni habari nyingine kabisa. Walaghai wanalijua hilo: wanachukua boksi zuri lililokwisha funguliwa, wanalivika nailoni mpya, wanaipasha joto ikaze, kisha wanaliuza kama kitu kisichowahi kuguswa.

Kabla ya kununua chochote jiwekee mpaka, maana gemu za katuni ni bahari: kuna Superman ya Atari 2600 ya mwaka 1979, kuna Popeye ya NES ya 1986, kuna Spider-Man ya PlayStation ya mwaka 2000. Chagua mhusika mmoja au mashine moja na uimalize kuijua. Jua pia kila gemu ilitengenezwa kwa wingi gani. Teenage Mutant Ninja Turtles ya kwanza ya NES (Ultra Games, 1989) iliuzwa kwa mamilioni, hivyo ukikosa kopi safi leo, subiri nyingine. DuckTales 2 ilitoka 1993, wakati wachezaji wengi wamekwisha hamia Super Nintendo, na kopi zake ni chache mno.

Toleo nalo lina uzito. Popeye ya awali ina kipande cha kadibodi cha kutundikia nyuma ya boksi. Matoleo ya baadaye hayana. Gemu za NES za miaka ya mwanzo zina alama ya ubora ya Nintendo ya duara. Kuanzia 1989 alama hiyo ikawa ya umbo la yai. Kwenye PlayStation ya kwanza, ukanda wa kijani kushoto mwa jalada unamaanisha toleo la bei nafuu lililokuja baada ya gemu kuuza sana. Wakusanyaji wengi hulikwepa, na kama unanunua kwa kujali thamani, fanya vivyo hivyo.

Sasa nailoni yenyewe. Geuza boksi la NES uangalie mgongo wake. Kopi nyingi zilizofungwa kiwandani zina mshono wa mlalo unaokatiza mgongo, kingo mbili za nailoni zikiwa zimepandana kidogo. Washa tochi na uilaze karibu kabisa na boksi ili mwanga upite juu ya uso wake. Mshono wa kiwandani huonekana umenyooka. Ule wa bunduki ya hewa moto huwa na mawimbi madogo, vidoa vya ukungu palipoungua, na kona zenye mikunjo minene kana kwamba plastiki imekusanywa kwa vidole. Mshono wa wima peke yake si ushahidi wa ulaghai. Linganisha na kopi tatu au nne za gemu hiyo hiyo zilizokwisha pewa gredi (yaani kampuni imezipima hali na kuzifungia ndani ya makasha magumu), kwa sababu kila mchapishaji na kila mashine vilikuwa na namna yake ya kufunga.

Kisha tafuta kisichoafikiana. Kona ya boksi imechakaa mpaka karatasi inaonekana nyeupe, lakini nailoni iliyo juu yake haina hata mkwaruzo? Boksi hilo lilichakaa kabla ya kuvikwa. Gundi ya stika ya bei ikiwa chini ya nailoni badala ya juu yake, achana nayo. Boksi lenyewe likikutia shaka, likague kwa lenzi ya kukuza mara 30: chapa ya kiwandani huonyesha vitone vilivyopangwa kwa utaratibu, ya printa ya nyumbani huonyesha wino uliotawanyika ovyo.

Ukiridhika, ndipo uje kwenye gredi. Gredi ya Wata, mojawapo ya kampuni hizo, ina vipimo viwili: boksi kwa namba kutoka 0.5 hadi 10, na nailoni kwa herufi kutoka C hadi A++. Kati ya 9.6 B na 9.2 A+, chukua ya pili, kwa kuwa B ina kasoro kwenye kile kile unacholipia. VGA, kampuni nyingine, hutumia mizani ya 100, na kosa la kawaida ni kudhani VGA 85 ni sawa na Wata 8.5. Ni mizani tofauti, haibadilishwi kwa kusogeza nukta. Namba ya cheti itafute kwenye tovuti ya kampuni, na ukague kingo za kasha gumu kama zina nyufa au gundi. Kwa bei, usitumie minada ya 2021. Mwaka huo kopi ya Super Mario 64 ilifika dola milioni 1.56, na baadaye bei za gemu nyingi zikashuka.

Ukituma gemu yako ipewe gredi, piga picha pande zote sita kwanza. Ifunge kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha nailoni ya mapovu, mapovu yakitazama nje, kwa sababu yakigusa nailoni ya gemu huacha alama za duara. Gundi ya utepe isiguse gemu kabisa. Acha sentimita 5 za vijazio kila upande wa katoni.

Nyumbani, adui mkubwa ni joto. Nailoni ya zamani huendelea kujivuta ikipashwa, na ikishajivuta hukunja boksi kwenye kona, hata likiwa ndani ya kasha. Weka nyuzi 18 hadi 22 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50, mbali na dirisha, makasha yakiwa yamesimama bila kulundikwa. Vifuko vya silika vibadilishe au vikaushe vikishajaa maji. Kikijaa, hakizuii chochote.